Kilo za Nyota Ndogo Mbili

Asubuhi ile niliondoka Rugera bila kujua ninakwenda wapi. Kwangu hilo halikuwa jambo geni. Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule kabla ya kumaliza kidato cha kwanza. Nikichoka na mahali nafunga blanketi langu kwenye mfuko, naaga aliye karibu, naenda. Safari hii kitu kimoja tu kilikuwa kigeni: nilikuwa natafuta mahali pa kukaa, na nilikuwa na haraka.

Jioni iliyotangulia mwalimu, dada niliyewahi kupanga naye nyumba moja Kihanga, alinipigia simu kutoka kusini kabisa mwa Afrika, anakosoma. Aliniambia uzito wa nyota zake umepatikana. Kiangazi atakuja nyumbani kwao Bukoba, na akija angependa kupanda mpaka huku kwetu aniambie uzito huo mwenyewe, ana kwa ana.

"Nitakupata wapi?" akauliza.

"Popote. Ukifika nipigie."

"Na simu yako ikiwa imezimwa, kama kawaida yake?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Nitajie mahali," akasema. "Siwezi kuzunguka Karagwe nzima nikiuliza watu kama wamekuona. Nisipokuwa na mahali pa kufikia, nitakaa Bukoba kwa mama mpaka likizo iishe, kisha nirudi huku."

"Nitakuambia."

"Kabla sijakata tiketi."

Nilikuwa nalala kwenye ghala la kahawa la mzee mmoja pale Rugera, kwa makubaliano kwamba nitalinda buni. Buni zilishauzwa zamani, nikabaki kulinda magunia matupu na panya. Mzee mwenyewe alikuwa ameanza kuniuliza kila asubuhi nimeamkaje, kwa sauti ya mtu anayeuliza utaondoka lini. Mahali pa namna hiyo huwezi kumtajia mtu anayekuja kutoka mbali.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, mfuko ukiwa begani.

"Marahaba. Leo unakwenda?"

"Nakwenda."

"Wapi?"

"Nitajua nikifika."

"Haya waitu, mtu wetu." Akacheka, akaniwekea kiganjani akamwani, zile kahawa zilizochemshwa na majani ya porini kisha zikakaushwa, ambazo huku kwetu mgeni hupewa atafune. "Tafuna njiani. Ukifika huko usikokujua, wasalimie."

Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya migomba. Nikatia kahawa moja mdomoni, nikaipasua kwa meno, mbegu zake mbili zikaachana ulimini. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuzitoa mbegu mbili za kahawa kwenye ganda moja na kuziweka kwenye kiganja changu akitaka kunielewesha jambo. Sikuwa nimefika hata barabarani, na tayari kwa mawazo nilikuwa Kihanga.

Nilimkuta Kihanga nikiwa nimepanga chumba, jambo nisilolifanya mara nyingi. Nilikuwa na kazi mnadani ya kushika ng'ombe wakati wanunuzi wanawapima. Nyumba ilikuwa na wapangaji wengi, na yeye alikaa chumba cha pili kutoka changu. Alifundisha fizikia shule ya sekondari. Alikuwa mtu wa Bukoba, Mlutheri, kutoka ukoo uliozoea kazi za ofisi, na alitembea haraka kama anayechelewa hata siku za Jumapili. Jioni aliweka kigoda karibu na tangi la maji, mahali pekee uani ambapo mtandao ulishika vizuri, akafungua kompyuta mapajani na kuangalia mistari inayopanda na kushuka.

Siku ya kwanza nilidhani anafuatilia bei ya kahawa.

"Ni nyota," akasema.

"Huu mstari?"

"Huu ni mwanga wake. Kwa kweli ziko mbili, zinazungukana. Hapa mwanga umeshuka kwa sababu moja imepita mbele ya mwenzake ikamziba. Sisi tumebahatika kukaa usawa wa kuziona zikizibana."

Alikuwa anasoma shahada ya juu kwa njia ya mtandao. Darubini zenyewe zilikuwa mbali, nyingine zikielea angani kabisa, na yeye alipokea namba tu, akazipanga hapo karibu na tangi huku kuku wakipita miguuni pake. Nyota zake zilikuwa ndogo na nyekundu, ndogo kuliko jua mara kadhaa. Alisema nyota za aina hiyo ndizo nyingi kuliko zote mbinguni, na hakuna hata moja unayoweza kuiona kwa macho.

Mama mmoja wa chumba cha mbele, aliyekuwa akikaanga maandazi ya kuuza, alimsikia akiniambia hayo.

"Mwalimu, kumbe unapima nyota! Nipimie na mimi basi. Yangu naona ilififia tangu nizae mtoto wa pili."

"Yako siwezi, mama. Napima zilizo mbili mbili tu."

"Ndiyo maana! Mume wangu mwenyewe yuko Mwanza."

Wote uani walicheka, mwalimu naye. Lakini mimi nilishika lile la mbili mbili, nikamfuata nalo kesho yake. Kwa nini mbili mbili? Kwa nini asipime moja?

Hakunijibu kwa kitabu. Jua lilikuwa limetoka kuzama, na upande wa pili wa bonde pikipiki mbili zilikuwa zinateremka kilima kuja kwetu, taa zimewashwa.

"Unaona taa ngapi?"

"Moja. Aa, mbili. Ziliachana pale kwenye kona."

"Sasa chukulia ziko mbali kiasi kwamba hutaziona zikiachana. Maisha yako yote ni nukta moja ya mwanga. Utajuaje kama ziko mbili?"

Nilifikiri mpaka pikipiki zikafika bondeni.

"Moja ikimziba mwenzake, mwanga utapungua."

Akaniangalia vizuri, kama ndiyo kwanza nimekaa pale.

"Wewe uliacha shule kwa nini?"

"Nilikuwa na maswali mengi."

Akacheka mpaka akafunga kompyuta. Kuanzia siku hiyo sikuhitaji kisingizio cha kwenda kwenye tangi la maji.

Nitaeleza kama nilivyoelewa, na kama nimekosea, kosa ni langu. Ukijua nyota zinachukua muda gani kuzungukana, na mwanga unabaki umepungua kwa muda gani kila zinapozibana, unaweza kujua unene wa kila moja. Lakini unaujua kwa kulinganisha tu. Unajua kwamba nyota hii ni sehemu fulani ya umbali ulio kati yake na mwenzake, na umbali wenyewe huujui. Ni kama kujua kwamba kitanda kimechukua nusu ya chumba bila kujua chumba kina ukubwa gani.

Ili upate ukubwa wa kweli, na uzito, lazima ujue zinakwenda kwa kasi gani. Hapo tena alirudi kwenye pikipiki. Ikija kwako sauti inakuwa kali, ikishakupita inakuwa nzito, hata ukiwa umefumba macho unajua. Mwanga nao hufanya hivyo. Nyota ikija upande wetu rangi yake husogea kidogo mno upande mmoja, ikirudi nyuma husogea upande wa pili, na darubini kubwa inaweza kulipima hilo. Ukishapata kasi za zote mbili, umepata kilo zao.

"Zinavutana," alisema. "Zote zinazunguka, lakini haziendi sawa. Iliyo nzito inasogea kidogo, iliyo nyepesi inazunguka sana."

"Kwa hiyo anayehangaika zaidi ndiye mwepesi."

"Ndivyo hesabu inavyosema."

"Unanisema mimi?"

"Sijataja mtu," akasema, akawa anahangaika na waya wa chaji.

Tulibishana sana kuhusu tepu. Mnadani kulikuwa na tepu ya kupimia ng'ombe: unaizungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unasoma, na tepu yenyewe inakuambia kilo. Huna haja ya mizani. Nikamwambia mwalimu kwamba anajisumbua bure, unene wa nyota anao kwenye mistari yake, atafute tepu ya nyota asome uzito.

"Na kilo zilizoandikwa kwenye tepu yako nani alizijua?"

Swali nisilolimaliza huwa linaninyima usingizi. Nilimtafuta bwana mifugo nikamuuliza. Akaniambia kwamba kuna watu, huko nje, walipandisha ng'ombe wengi kwenye mizani mmoja mmoja, wakawazungushia kamba kifuani, wakaandika yote mawili. Tepu ilitoka hapo. Tena, akasema, waliopandishwa walikuwa ng'ombe wa maziwa wa kwao, siyo hawa wetu wenye pembe ndefu na kiwiliwili chembamba, kwa hiyo tepu huwadanganya wanunuzi kila siku na hawajui.

Nilirudi mbio na habari hiyo kama niliyeokota kitu.

"Basi ndiyo kazi yangu," mwalimu akasema. "Nyota ya peke yake haina mizani ya kupanda. Tunaisomea tepu tu, tunakadiria. Hizi zinazozibana ndizo zilizopanda mizani. Tepu ya nyota nyingine zote inatoka kwao. Na naogopa tepu iliyopo ni ya ng'ombe wengine."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Hesabu zake zilikuwa zinamwambia kwamba nyota zake ni nene kuliko vitabu vinavyosema. Siyo nene sana, ni kidogo tu, lakini kidogo hicho kilimkondesha. Alirudia hesabu, akatafuta kosa, akalaumu madoa, kwa sababu nyota hizo zina madoa meusi usoni ambayo huchafua mwanga. Wenzake waliopima jozi nyingine waliona unene huo huo. Wengine walidhani ni kwa sababu nyota zinazokaa karibu hivyo hulazimishana kuzunguka haraka, na kuzunguka haraka huzitibua ndani, zikavimba. Lakini bila uzito hakuweza kusema lolote kwa uhakika. Unene wake wote ulikuwa wa kulinganisha, na zamu ya darubini kubwa haikuwa imefika.

"Zikikaa karibu zinanenepa?" akauliza mama wa maandazi, aliyekuwa akisikiliza kila kitu.

"Inaonekana hivyo, mama."

"Sasa hilo nalo la kusomea? Mwangalie mwanamke aliyeolewa vizuri!"

Sikumbuki kama nilicheka. Nakumbuka kwamba mwalimu alinitazama, halafu akatazama chini.

Niliwahi kumwomba anionyeshe nyota zake, japo nilijua hazionekani. Kilimia, kile kishada cha nyota, ilikuwa imepanda vizuri jioni ile, na chini yake ile nyota nyekundu kubwa. Akasimama nyuma yangu, akanyoosha mkono juu ya bega langu.

"Unaona Kilimia? Unaona ile nyekundu? Kati ya hizo mbili, sogea kidogo kulia. Hapo pasipo na kitu."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Nikapaangalia mahali pale peusi muda mrefu kuliko nilivyowahi kuangalia kitu chochote. Mkono wake ulikuwa bado juu ya bega langu.

Alipata nafasi ya kwenda kusomea kule zinakotumika darubini hizo kubwa. Aliondoka Kihanga asubuhi moja ya mvua, masanduku yake yamefunikwa nailoni. Aliniambia uzito ukipatikana nitakuwa mtu wa kwanza kuambiwa ambaye si profesa. Nilikuwa na neno la kumwambia na sikulisema, na nadhani yeye pia alikuwa nalo. Baada ya hapo uani Kihanga pakawa hapanifai. Nilikuwa nachota maji kwenye tangi lile huku nimegeuza uso. Wiki haikuisha nikaondoka. Tangu hapo nimelala Kihanga nyingine nyingi, kwa maana ya ua wenye watu nisiowajua, na popote nilipolala, Kilimia ikionekana, nilitafuta mahali pale pasipo na kitu. Mwezi ule niliotoka Rugera nilikuwa siioni hata Kilimia yenyewe. Ilikuwa inazama pamoja na jua.

Asubuhi ile nilifika Nyakahanga jua likiwa limekausha ukungu. Wauguzi wa hospitali walikuwa wanabadilishana zamu, wanapita na sweta zao juu ya sare, bodaboda wakiwaita kwa utani. Ningeweza kutafuta kibarua pale. Nilisimama njia panda nikitafuna kahawa ya mzee, nikijaribu kujisikia kama mtu anayekaa Nyakahanga, na sikujisikia. Fuso iliyokuwa inakwenda Kyerwa kupakia ndizi ikapunguza mwendo.

"Unaelekea wapi, kaka?" dereva akauliza.

"Mbele."

"Mbele ni pakubwa. Nkwenda? Murongo? Uganda?"

"Nitakuambia pa kunishusha."

"Panda. Lakini ukinisahau nitakufikisha mpakani, ukajieleze mwenyewe."

Njiani aliniuliza kama nimemkimbia mke au polisi. Nikamwambia natafuta mahali. Akasema wanaotafuta mahali huwa na godoro. Nikamwambia kuna mtu anakuja kiangazi na hana pa kunipata. Hapo akaacha kutania, akaongeza mwendo, kana kwamba kiangazi ni kesho.

Migomba ilipoanza kupungua na nyasi kufunguka pande zote, niliomba kushuka. Palikuwa na familia ya wafugaji niliyowahi kuifanyia kazi, Wakristo waliotulia, wenye nyumba ya bati na msalaba mdogo wa mbao juu ya mlango. Nilidhani nikikaa kwao nitakuwa na mahali pa kutaja. Mzee wa nyumba alinipokea vizuri, mkewe akaniletea maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, nikawaeleza shida yangu kuanzia nyota mpaka tiketi.

Mzee alisikiliza kwa makini. Aliwajua ng'ombe wake wote kwa rangi na kwa mama zao, na sikuwahi kumsikia akitaja idadi yao. Nilipokuwa kwake aliwahi kuikataa tepu yangu isimguse hata ndama. "Ukishampima," alisema siku ile, "tayari umeshamuuza."

"Kwa hiyo zimepimwa hizo nyota," akasema sasa.

"Zimepimwa, mzee."

"Anaziuza?"

"Hapana. Anataka kujua tu."

"Kujua tu." Akaonekana kuridhika, kisha akahuzunika. "Lakini huku hutatufaa, kijana wangu. Kiangazi sisi hatuko hapa. Nyasi zikiisha tunahamia bondeni, tena sasa hivi sijui bonde lipi."

"Huyo mwanamke unataka afike hapa akute kufuli," mkewe akasema, "kisha afuate nyayo za ng'ombe na viatu vyake vya Bukoba?"

"Angekuja tu," nikasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Angekuja mara moja. Tafuta mahali ambapo angekuja mara ya pili."

Nilimaliza maziwa. Walinionjesha njia niliyoijua vizuri, ile ya kuhama na wenye kuhama. Ningeweza kukaa nao miezi na kuwa na furaha. Huwa nina furaha na watu wanaoondoka. Lakini nilikuwa nasikia sauti ya mwalimu ikisema, "Kabla sijakata tiketi." Kijana wao mkubwa alikuwa anapeleka madumu ya maziwa Nkwenda kwa pikipiki, akanibeba katikati ya madumu, magoti yangu yakigonga dumu la maziwa kila tulipovuka korongo.

Nkwenda sikuwahi kulala. Nilikuwa nimepita tu, juu ya magari. Ilikuwa alasiri, sokoni wanawake wanafunika nyanya zao na wengine wanazifunua, mafundi cherehani kwenye baraza, vumbi jekundu. Kwanza nilikwenda gesti. Mhudumu akaniuliza nataka chumba cha siku moja au cha kupumzika, nikakumbuka kwamba gesti nimelala nyingi na hakuna aliyewahi kunipata gesti. Nikaomba radhi nikatoka.

Nikaenda kula. Nyuma ya kanisa kulikuwa na mgahawa wa mama mmoja mtu mzima, mnene, wa sauti kubwa, aliyekuwa anamenya ndizi za kupika kwa kasi bila kuangalia kisu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndizi na maharage, au ndizi na nyama?"

"Maharage. Na chumba, kama unajua pa kupanga."

Kisu kikasimama.

"Chumba cha nani?"

"Changu."

"Kipo cha uani. Kilikuwa cha mwanangu, ameoa. Unakaa mpaka lini?"

"Mpaka kiangazi."

"Kiangazi cha mwaka gani? Maana na wewe una uso wa mtu wa kesho asubuhi hayupo."

Sijui alinijuaje. Nikamwambia ukweli, kwamba kuna mtu anakuja, kwamba ni mwalimu, kwamba amepima nyota ndogo mbili na anataka kunitajia uzito wake, na hana mahali pa kunikuta. Alinisikiliza huku anamenya tena, maganda yakianguka kwenye beseni.

"Uzito wa nyota," akasema. "Hakuweza kukutajia kwenye simu?"

"Angeweza."

"Akakataa?"

"Akasema atakuja kunitajia mwenyewe."

Akafuta mikono kwenye kanga, akasimama. "Njoo uone chumba."

Kilikuwa chumba kidogo, dirisha moja linaloangalia migomba, kitanda cha mbao, mikungu ya ndizi mbichi imeegemezwa ukutani. Alisema mikungu ataitoa. Kodi tulielewana tukiwa bado tumesimama mlangoni. Sehemu nitalipa kwa kumletea maji na kuni, na bwana wa machinjio, ambaye ni shemeji yake, anahitaji mtu anayejua kushika ng'ombe. Nilikaa kwenye kitanda. Nilisubiri ile hamu ya kuondoka ije, kama inavyokuja kila nikikaa kwenye kitanda kipya, ianzie kwenye nyayo. Ikaja. Nikaiacha ikae na mimi pale.

Simu yangu ni ya tochi, haiwezi kutuma ujumbe wa sauti, na kupiga mpaka kule kunahitaji vocha ya tajiri. Mama akanipa simu yake, akanifundisha kubonyeza na kushikilia.

"Mwalimu," nikaanza, "ni mimi. Nimepata mahali. Niko Nkwenda. Ukitoka Omurushaka panda gari la Kyerwa, shuka Nkwenda sokoni. Ukishuka kata kushoto..."

"Kulia!" mama akasema kutoka mlangoni. "Kushoto utampeleka kwenye machinjio."

"Kulia. Pita mafundi cherehani, utaona kanisa..."

"Makanisa yako matatu. Mwambie lenye kengele iliyopasuka."

"Kanisa lenye kengele iliyopasuka. Nyuma yake kuna mgahawa. Ulizia mama wa ndizi."

"Aulize tu kwa mama mwenye kelele, watamleta."

"Chumba ni cha uani. Nipo hapo. Nitakuwepo." Nikaachia kidole, na maneno yakaenda.

Mama alikuwa amesimama mikono kiunoni.

"Hujamwambia kwamba unamngoja."

"Atajua."

"Atajuaje? Umemtajia makanisa na mafundi cherehani, lakini wewe mwenyewe humo hujajitaja. Lete hiyo simu."

Akaninyang'anya, akaisogeza karibu na mdomo kama mtu anayemwita aliyeko bonde la pili.

"Mwalimu, hujambo? Au shikamoo, sijui umri wako. Huyu mtu wako yuko kwangu, amepanga. Amekonda kidogo, tutamlisha. Anakungoja. Anasema ni uzito wa nyota anaoungoja, lakini mimi nimemwona usoni, anakungoja wewe. Njoo kiangazi, usije siku ya soko, gari hazina nafasi."